Mama wa Mapasa Aliyechoma Samaki wa Watu

Mteja mgumu, vijana wangu, si mwongo. Mwongo unamzoea: unamwacha aseme, unakunywa chai yako, akimaliza unamwambia, "Haya, sasa tuanze." Wala si mlevi, wala yule anayekuja na wajomba wote wa ukoo, kila mjomba na sheria yake kichwani. Mteja mgumu ni yule unayemletea ufunguo wa gereza naye anakwambia, "Maître, asante, rudi nao nyumbani." Mimi nilikutana naye mara moja tu katika maisha yangu ya kazi. Na kwa kuwa mnanisumbua kila Jumapili mkitoka misa niwaeleze jinsi ya kumtetea mtu wa kawaida, leo nitawaeleza kwa maandishi, kwa njia ya huyo mteja.

Nilikuwa mtetezi, Maître kama tunavyoitwa, mahakamani hapa Kamina mpaka magoti yalipokataa ngazi. Siku zetu tuliandika kwa mashine ya chapa iliyokuwa na kelele kuliko washtakiwa. Ninyi mnaandika kwenye simu, na umeme ukikatika mnakosa hata hoja. Siwacheki. Nawacheka kidogo tu.

Aliyenifundisha kazi ni mzee Maître Banza, mtu mfupi mwenye koti moja na hasira mbili, ya asubuhi na ya jioni. Somo lake la kwanza kuhusu wazimu na sheria nililipata kwa mwizi wa baiskeli kutoka Kabongo. Kijana alikamatwa juu ya baiskeli yenyewe, akiendesha, kwa hiyo ndugu zake walikaa kikao wakaamua awe kichaa. Siku ya kesi akaingia mahakamani anabweka. Hakimu alimtazama kwa utulivu, akamwambia karani, "Andika: mshtakiwa anabweka." Karani akaandika. Kisha hakimu akasema, "Basi, baiskeli irudishwe kwa mwenyewe pamoja na vyote vilivyo juu yake." Kijana akanyamaza ghafla, akasimama wima. "Mukubwa, apana! Ile kiti ya nyuma iko yangu, minyi njo niliiuza na makuta yangu!" Na kwetu, mnajua, minyi ni mimi, njo ni ndiyo, makuta ni pesa, na kuuza ni pamoja na kununua. Ukumbi mzima ukaanguka kwa kicheko, na kijana akaenda gerezani na akili zake zote.

Tulipotoka, Maître Banza alinishika mkono. Alisema, "Hata kama angekuwa kichaa wa kweli leo, isingemsaidia. Sheria haiulizi akili yako iko wapi leo. Inauliza ilikuwa wapi ile saa ulipotenda." Nikalishika neno hilo nikidhani ni rahisi. Ni rahisi kweli, mpaka uletewe mtu aliyekwisha kupona, anayesalimia kila mtu vizuri, aliyechana nywele zake, halafu uambiwe umweleze hakimu kwamba mwezi uliopita huyu alikuwa anazungumza na samaki.

Aliitwa Ngoie. Mume wake ni askari wa Base, kambi yetu ya jeshi, na wakati huo alikuwa ametumwa mbali, mashariki, kwenye vita. Ngoie akabaki mjini kwa mama mkwe wake, Mama Kabulo, mwanamke mwenye sauti ambayo sokoni haihitaji kipaza sauti. Hapo ndipo alipojifungua mapasa, yaani mapacha, Kyungu na Kabange.

Sasa, kwa wale kati yenu mliolelewa na simu, niwakumbushe desturi. Mwanamke akizaa mapasa anapewa ruhusa ambayo hata gavana hana. Anapakwa pemba, ule udongo mweupe, usoni. Anazunguka mtaani na wanawake wenzake, anaimba matusi. Anamtukana mkubwa wa polisi, anamtukana katekista, anataja mambo ya vyumbani mwa watu kwa sauti ya juu na kwa kuyapamba. Wewe hukasiriki, maana ukikasirika umewakasirikia watoto. Unacheka, unatoa zawadi, na unatoa mbili mbili. Ukimpa Kyungu ukamnyima Kabange, umepeleka ugomvi katika nyumba ya watu. Mama wa mapasa akiomba, hakataliwi.

Ngoie aliimba vizuri. Aliimba vizuri mno. Wenzake walichoka wakarudi kupika, yeye akaendelea. Asubuhi aliimba, mchana aliimba, na majirani wakasikia anaendelea hata jogoo alipowika. Aliwaogesha watoto, akawafuta, akawaogesha tena. Alizungumza na ukuta na kuusubiri ujibu. Na sisi tulisema nini? Tulisema, "Huyu njo mama ya mapasa ya kweli!" Mama Kabulo alijisifu sokoni kwamba mukazamwana wake ana nguvu kushinda wanawake wote wa Kamina. Yule binti aliugua mbele ya macho yetu na sisi tulimpigia makofi. Nikikumbuka hilo bado naona aibu ya mji mzima.

Halafu, mchana mmoja, akachoma ghala la Papa Ramazani.

Papa Ramazani ni mfanyabiashara. Ukoo wake ulitoka Maniema zamani za mababu, yeye mwenyewe kazaliwa hapa, Ijumaa anaswali, na akitania kwa Kiluba ananishinda mimi. Alikuwa na ghala la mbao nyuma ya duka, limejaa samaki wakavu kutoka Kinkondja, vikapu juu ya vikapu. Ghala lote liliungua. Mtu hakuumia, Mungu asifiwe, ila harufu ilifika mpaka stesheni. Watu walikuja mbio na ndoo. Moto ulipopungua wakaja wengine, hawa wakiwa na sahani za bukari, yaani ugali. Siwataji. Baadhi yao watasoma maneno haya.

Ngoie alikuwa mbele ya moto anaimba na kucheza, Kyungu mgongoni, Kabange kifuani. Mama Kabulo ndiye aliyemnyang'anya watoto. Polisi wakamchukua, na kwa kuwa alikuwa anawajibu samaki, wakampeleka kwanza hospitali. Daktari akampa dawa, akalala. Baada ya siku kadhaa za dawa na usingizi alikuwa Ngoie yule wa zamani, anauliza watoto wako wapi. Wakampeleka gerezani, buloko kama tunavyosema. Mashtaka: kuchoma moto kwa makusudi, na hiyo ni miaka mingi, vijana, msiichezee.

Nilimkuta gerezani ameketi kwenye benchi, kifua kimemlowa maziwa.

"Maître," akasema kabla sijafungua faili, "andika: Ngoie alichoma. Alichoma na akili yake yote."

"Ulikuwa na akili yako?"

Alitazama mlangoni kwanza. "Apana. Samaki ilikuwa nasema na minyi. Ilikuwa naita Kabange na jina yake."

"Basi, binti yangu, kesi imekwisha. Tutasema hivyo. Ulikuwa mgonjwa, sheria haimfungi mgonjwa."

"Na batoto?"

"Watoto wamefanya nini?"

"Maître, weye uko mukubwa, lakini leo hauelewe. Mwizi anatoka mu buloko, banamurudishia batoto yake. Muntu ya wazimu, nani atamurudishia? Mama Kabulo atasema: korti yenyewe ilisema. Afazali banifunge."

Nilimkasirikia, nawaambia kweli, kwa sababu alikuwa anasema haki. Mimi ningefungua mlango mmoja kwa karatasi, na karatasi ile ile ingefunga mlango aliokuwa anautaka. Nilimwomba aniachie siku chache. Akasema siku anazo nyingi.

Kesho yake kaka yake, Mulongo, alifika gerezani na majivu kwenye gazeti na gauni lililochanika. "Minyi nakuya kumutengeneza," aliwaambia walinzi. Alitaka dada yake aingie mahakamani amejipaka majivu, ale gazeti kidogo ikiwezekana. Sikuhitaji kusema neno. Ngoie mwenyewe alimrushia lile gauni usoni, akamwambia alivae yeye na mke wake amwone. Walinzi walicheka mpaka wakasahau kufunga lango, na hakuna mfungwa aliyetoka, maana wote walikuwa wanatazama.

Basi nikaanza kazi, naye bado hajakubali. Daktari alikubali kuja kusema kwamba ugonjwa huu upo. Unawakamata baadhi ya wanawake siku au majuma baada ya kuzaa, usingizi unakwisha, wanasikia sauti, wanaamini mambo ambayo hayapo, kisha kwa dawa na mapumziko wanarudi. Si uchawi wala tabia mbaya. Ila daktari hakuwa amemwona Ngoie ile saa ya moto. Alimwona baadaye. Nilitaka mtu wa saa ile ile.

Nikaenda kwa Papa Ramazani. Alinipa kiti, akanipa chai, akanipa sababu kumi za kutosema kitu.

"Alikuya, alichoma. Njo ile tu."

Nyuma ya pazia mke wake akakohoa.

"Hakukusemesha?"

"Muntu anachoma kintu yako, mutasemezana nini?"

Mke akakohoa tena, safari hii kwa nguvu. Nimefanya kazi hii muda wa kutosha kukitambua kikohozi cha kifua na kikohozi cha ushahidi. Lakini mlalamikaji humlazimishi nyumbani kwake, kwenye chai yake. Nilimaliza kikombe nikaaga.

Siku ya kesi, ukumbi ulijaa hadi madirishani. Mama Kabulo alikaa mbele, mapasa wote wawili mikononi, uso umefungwa. Ngoie aliingia amevaa kitenge safi, akasalimia hakimu, akasalimia karani, akamsalimia hata bwana wa parquet, yule anayeshtaki kwa niaba ya serikali. Huyo bwana alifurahi sana. Alisema, "Mheshimiwa, wazimu uko wapi hapa?" Kisha akatoa simu yake. Jirani fulani alikuwa amepiga video siku ya moto, na mji wote ulikwisha kuiona. Ngoie anaimba, anacheza, hakosi sauti, hakosi hatua. "Mtu asiye na akili anaweza kushika wimbo namna hii?" akauliza. Watu wa nyuma wakaanza kuimba kiitikio, hakimu akawatishia kuwatoa.

Daktari alisema yake, vizuri kabisa. Bwana wa parquet akamuuliza swali moja: "Ulimwona ile saa?" Daktari akasema hapana. Nikamwona Ngoie anainamisha kichwa, na sikujua kama ni huzuni au ni ahueni.

Akaitwa Papa Ramazani. Nilisimama.

"Papa, Ngoie alipofika kwako alikuwa na nini mkononi?"

"Batoto."

"Na mafuta ya taa?"

"Apana."

"Ghala liliwaka kwa mafuta ya taa. Aliyapata wapi?"

Nyuma ya ukumbi, mwanamke akakohoa. Papa Ramazani akavua kofia yake, akaigeuza geuza, akaivaa tena.

"Minyi njo nilimupa."

Ukumbi ulivuma. Hakimu akagonga meza. "Ulimpa wewe? Mafuta?"

"Chupa mbili, Mukubwa. Na vibiriti mbili."

"Kwa nini mbili?"

"Mukubwa, si mapasa!" akajibu kwa uchungu, kama mtu anayeulizwa kwa nini maji yanalowesha. "Nimupe moya, Kabange alie?"

Hapo hata askari mlangoni aliegemea ukuta. Hakimu aliinama kwenye faili yake akasoma muda mrefu, na mabega yake yalikuwa yanatikisika. Mimi nilisubiri. Hili mlishike: watu wakicheka, msiwakimbilie, waacheni wamalize, maana mtu aliyekwisha kucheka anasikia vizuri.

Ukumbi ulipotulia nikauliza, "Na alipoomba, Papa, alikwambia nini?"

Uso wake ukabadilika. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza kuyakumbuka maneno yale bila kicheko cha siku ile.

"Alisema, Papa, tosha bibi yako na batoto mu nyumba, batoke. Samaki yako inataka kukula batoto yote ya avenue. Unipe moto, minyi nitakuokoa." Akavua kofia tena. "Nilicheka. Nilisema, mapasa ya safari hii iko na nguvu! Alikuwa natetemeka, Mukubwa. Mikono yake ilikuwa natetemeka, nilimuona, na minyi nilicheka. Yee alikuwa nakuya kutuokoa."

Nilikuwa nimeandaa hotuba, vijana, yenye maneno mawili ya Kilatini ya marehemu Maître Banza. Ilinitoka yote. Nilimwomba hakimu video ichezwe tena, ila safari hii tusitazame, tusikilize. Ikachezwa. Kila mtu akasikia sauti ya Ngoie, na nyuma yake sauti zetu. Tulikuwa tunacheka. Mmoja anauliza kama samaki wameiva. Mwingine anasema, "Ongeza, mama ya mapasa!"

Nikasema, "Mheshimiwa, siku ile mtaa mzima ulikuwa na akili timamu, na hakuna hata mmoja aliyemuuliza huyu mama kama amelala. Alichoma, hakatai. Lakini kosa hili linataka nia, na nia yake ilikuwa kuwaokoa watu. Alikuwa mgonjwa. Amepona. Mtu akipona malaria hatumwiti Bwana Malaria mpaka kaburini." Nikakaa.

Hukumu ilisomwa baada ya juma moja. Moto aliuwasha yeye, lakini ile saa akili yake haikuwa yake kwa sababu ya ugonjwa wa uzazi. Kwa hiyo hana hatia, na daktari aendelee kumfuatilia. Papa Ramazani aliulizwa kuhusu madai ya samaki wake. Alifungua mdomo, mke wake akakohoa, akasema ameyaacha.

Tukatoka kwenye veranda. Nilikuwa na furaha mpaka nilipomwona Mama Kabulo. Alikuwa amesimama juu ya ngazi, Kyungu amefungwa mgongoni, Kabange kifuani, amewakumbatia kama anayelinda unga wa njaa. Watu wakasimama kumzunguka. Ngoie akasimama mbele yake, mikono imening'inia.

"Minyi nilisikia korti," Mama Kabulo akasema. "Korti ilisema kichwa yake ilipoteaka. Minyi mwenyewe nilitosha hawa batoto pembeni ya moto. Bana ya mwana wangu bako hapa, batabaki hapa."

Ndicho alichokiogopa Ngoie tangu siku ya kwanza. Nilipekua sheria zote kichwani. Hakuna kifungu kinachomwamuru mama mkwe aamini. Niliwaona watu wanaanza kumwangalia Ngoie kwa ule mtazamo wa pembeni, mtazamo wa kumpisha mtu njiani.

Ngoie akaanza kuimba.

Watu walirudi nyuma. Kaka yake Mulongo alishika kichwa. Na mimi, niliyetoka kusimama mbele ya hakimu nikisema amepona, nilirudi nyuma hatua moja pamoja nao. Ulikuwa wimbo wa mapasa. Aliuimba polepole, akimtazama mkwewe machoni. Mama Kabulo, aliimba, bukari yake imbwa ya Base ilikatala. Mama Kabulo, akikorota, bandege inapotea njia. Mstari wa tatu ulihusu chumba cha Mama Kabulo na marehemu mume wake, na huo siuandiki, mimi ni mtu wa kanisani.

Ni mama wa mapasa peke yake anayeruhusiwa kumwimbia mama mkwe wake maneno kama hayo, mchana, mbele za watu. Mwanamke mwingine yeyote angerudishwa kwao siku hiyo hiyo. Ngoie hakuwa anaomba chochote. Alikuwa anadai jina lake.

Mama Kabulo alisikiliza mpaka mwisho, kichwa amekiinamisha upande, kama anayeonja chumvi. Aliusikiliza mpangilio, akasikiliza pale panapotakiwa kusimama, na Ngoie akasimama palepale, akangoja ajibiwe, kama desturi inavyotaka. Kisha yule mama akajibu, kwa ile sauti yake ya sokoni:

"Na weye, mudomo sawa nyungu bila kifuniko! Mwana wangu alikuoa ju ile mwaka macho yake ilikuwa naumwa!"

Wanawake wakapiga vigelegele. Ngoie akacheka, mara ya kwanza kumwona akicheka, na machozi yakamtoka hapo hapo akicheka. Akanyoosha mikono. Mama Kabulo akamfungua Kabange kifuani, akampa. Akageuka, akainama ili Ngoie amtoe Kyungu mgongoni, maana haiwezekani kumpa mmoja ukamnyima mwingine.

Ngoie akawashika wote wawili, akaniangalia mimi, halafu mkwewe. "Na kama itarudia?" akauliza kwa sauti ndogo.

Mama Kabulo alikuwa amempandisha Kyungu mgongoni mwa Ngoie, anamkazia kitenge. Akakivuta, akakijaribu, akakivuta tena.

"Leo weye ulale," akamwambia. "Minyi njo nitakesha."